Wiski ya miaka 18 mezani: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Arusha

SWALI: "Nimestaafu mwaka huu baada ya kufundisha maisha yangu yote. Binti yangu anayefanya kazi Edinburgh kaniletea chupa ya GlenDronach ya miaka 18. Mimi ni mtu wa bia, tena mbili tu. Nilipoifungua na rafiki zangu, mmoja alitaka kuichanganya na Coca-Cola, mwingine akasema hiyo ni dhambi. Nilipoionja kavu niliungua koo, sikuona kingine. Natakiwa kuonja nini hasa? Je, kweli ya miaka 18 inaishinda ya miaka 12? Na nikiitunza mpaka mjukuu wangu aoe, itazidi kuwa nzuri?"

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Hongera kwa kustaafu salama, na hongera zaidi kwa kulea binti anayejua kuchagua zawadi.

Nianze na soda, maana ndiyo iliyoleta ubishi. Kuchanganya si dhambi. Chupa ni yako na koo ni lako. Ila mimi hiyo nisingeichanganya. Kinachofanya GlenDronach ya miaka 18 iuzwe kwa bei mara kadhaa ya wiski ya kawaida ni harufu zake, na nyingi kati ya harufu hizo ni nyepesi. Coca-Cola ina sukari nyingi, asidi, gesi na viungo vyake yenyewe. Ukishaimimina, harufu za wiski zinafunikwa, na kinachobaki ni kilevi ambacho ungekipata kwenye chupa yoyote ya bei nafuu. Barafu nayo iache kwenye friji: ubaridi huzuia harufu kupanda na hupooza ulimi. Rafiki yako akitaka wiski na soda, mwekee ya kawaida, atafurahi vilevile na hakuna kitakachopotea.

Sasa huko kuungua. Bia uliyoizoea ina alkoholi ya asilimia 5 hivi. Chupa yako ina asilimia 46. Alkoholi ya kiwango hicho huamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi moto na pilipili, kwa hiyo ukiigida funda zima, kinywa kinapiga kelele ya maumivu na hakuna nafasi ya kusikia kitu kingine. Hilo humpata karibu kila anayetoka kwenye bia. Halina uhusiano na ubora wa wiski, wala si dalili kwamba huna kipaji cha kuonja. Ulimi wenyewe, Mwalimu, unajua mambo machache sana: tamu, chumvi, chachu, chungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha yanatoka puani. Ulipoimeza moja kwa moja uliipeleka kooni, mahali ambapo haina cha kukuambia.

Kabla ya kukuelekeza namna ya kuinywa, acha nikueleze kilichomo, maana mtu hunusa vizuri zaidi akijua anachokitafuta.

Hiyo ni wiski ya kimea kitupu cha shayiri, iliyotoka kiwanda kimoja tu; ndiyo maana ya maneno Single Malt kwenye lebo. Sheria ya wiski ya Uskoti inataka itengenezwe kwa shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, maji na hamira, ichemshwe na mvuke wake ukusanywe katika mitungi, kisha ikae ndani ya Uskoti kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3. Haiwezi kujazwa kwenye chupa ikiwa chini ya asilimia 40. Kiwanda chako kiko Forgue, karibu na mji wa Huntly katika mkoa wa Aberdeenshire, na kilianzishwa mwaka 1826 na James Allardice. Jina lake ndilo hilo unaloliona kwenye lebo ya hiyo ya miaka 18.

Inapotoka mtamboni, wiski haina rangi na ni kali mno, asilimia 70 hivi. Kwa kawaida huongezwa maji hadi asilimia 63.5 ndipo iingie pipani. Wakati huo inanuka shayiri, matunda mabichi na mkate, basi. Rangi ya kahawia unayoiona kwenye chupa yako, pamoja na sehemu kubwa ya harufu, vimetoka kwenye mbao.

Mbao hizo zina historia yake. GlenDronach ya miaka 18 hukaa katika mapipa yaliyokuwa na sheri ya aina ya oloroso. Sheri ni mvinyo ulioongezewa alkoholi kutoka eneo la Jerez, kusini mwa Hispania, na oloroso ni ile inayoachwa makusudi ikutane na hewa kwa miaka mpaka inakuwa ya rangi ya kahawia nzito, yenye harufu ya jozi na matunda makavu. Zamani sheri ilisafirishwa kwa meli hadi Uingereza ikiwa kwenye mapipa, na mapipa matupu yakabaki huko yakinunuliwa kwa bei ya chini na watengeneza wiski. Katika miaka ya 1980 biashara hiyo ikafika mwisho, kwa kuwa Hispania ilitaka sheri ijazwe kwenye chupa kulekule inakotengenezwa. Leo mapipa mengi ya sheri yanaundwa kwa ajili ya wiski: mafundi wa Jerez wanakunja mbao juu ya moto, wanalijaza pipa sheri kwa mwaka mmoja au miwili ili mbao zinywe, kisha wanaimwaga na pipa linapelekwa Uskoti. Pipa la namna hiyo ni ghali sana kuliko lile lililotumika kwa wiski ya Marekani, na hiyo ni sehemu ya bei aliyolipa binti yako.

Pipa linafanya kazi ya namna tatu. Linaondoa: harufu za kiberiti na ukali wa wiski changa hupungua mwaka hadi mwaka. Linaongeza: mbao zilizopashwa moto hutoa sukari iliyoungua kidogo, rangi, na ule ukakasi unaoujua kwenye chai iliyokolea. Na linapumua: hewa hupenya kidogo kidogo, asidi na alkoholi zinaungana, na kutokana na muungano huo huzaliwa harufu za matunda ambazo hazikuwamo wiski ilipoingia wala hazikuwamo kwenye mbao. Hii ya tatu ndiyo inayohitaji miaka. Mbili za kwanza unaweza kuziharakisha kwa pipa dogo au pipa jipya, hii haiharakishwi.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo hoja yangu kubwa ilipo.

Ukisoma maelezo ya wiski yaliyoandikwa na Waingereza utakuta keki ya Krismasi, pudini, jamu ya matunda usiyowahi kuyaona, na kiti cha ngozi cha maktaba ya kizamani. Msomaji wa Arusha akiyasoma anajiona hana pua. Si kweli. Pua yake ina kumbukumbu nyingine, na kwa wiski ya sheri kumbukumbu za pwani yetu zina utajiri kuliko za huko. Kemikali inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake inaitwa yujenoli, na hiyohiyo imo ndani ya mbao za mwaloni. Ukinusa karafuu kwenye glasi yako hujakosea na wala hujaota. Ni kitu kilekile. Vanilini, harufu kuu ya vanila inayolimwa Uganda na Kagera, hutoka kwenye mwaloni huohuo mbao zinapopashwa moto. Kuna na laktoni za mwaloni ambazo harufu yake ni ya nazi, ingawa zimo kwa wingi zaidi kwenye mwaloni wa Marekani kuliko wa Ulaya. Kwa hiyo weka kando orodha ya Mwingereza. Tafuta tende na zabibu kavu kwanza. Kwenye wiski ya oloroso ni nadra kuzikosa. Kisha tafuta halua, ile nyeusi ya Zanzibar yenye kungumanga na iliki. Tafuta sukari guru, asali nzito ya Tabora, ganda la chungwa lililokauka juani, mdalasini, kahawa iliyotoka kukaangwa, tumbaku kabla haijawashwa, ngozi ya kiatu kipya. Ikiwa ulikulia kwenye nyumba iliyofukizwa udi, utausikia mwishoni kabisa, glasi ikikaribia kuisha. Hakuna aliye na haki ya kukusahihisha.

Moshi usiutafute sana kwenye chupa hii. Wiski zenye moshi mzito, mfano Laphroaig, Ardbeg na Lagavulin za kisiwa cha Islay, huupata kwa sababu kimea chao hukaushwa kwa kuchoma peti, udongo wa majani yaliyooza kwenye mabwawa kwa maelfu ya miaka. Yako ni ya aina nyingine. Nalisema hili kwa sababu watu wengi huambiwa kwamba wiski ya Uskoti lazima inukie moshi, wakaukosa wakadhani wamepewa bandia.

Tuje kwenye kuinywa. Chagua jioni ambayo huna haraka, na hujala bado au umekula kitu chepesi muda mrefu uliopita. Wanaoonja kwa kazi hufanya asubuhi kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa pua huwa safi, lakini hilo si lazima nyumbani. Lililo la lazima ni mazingira: siku hiyo usifukize udi sebuleni, usijipulizie manukato, na pilau liendelee kuiva jikoni mlango ukiwa umefungwa. Pilipili, kitunguu saumu na kahawa hubaki kinywani muda mrefu. Weka maji ya kunywa yasiyo baridi na kipande cha mkate mtupu. Hali ya hewa ya Arusha inakupendelea. Sisi wa Dar es Salaam tukisema "joto la chumba" tunazungumzia nyuzi 30, na kwenye joto hilo alkoholi hupanda kwa nguvu ikachoma pua kabla harufu nyingine hazijafika. Jioni zenu za Juni na Julai ziko karibu zaidi na sebule ya Uskoti.

Glasi: ile pana ya chini, ambayo kwenye sinema hujazwa barafu, haifai, kwa kuwa harufu inatawanyika. Unataka yenye tumbo na mdomo uliobana. Waskoti wana glasi yao inayoitwa Glencairn, iliyoingia sokoni mwaka 2001, na ukimwagiza binti yako ataileta bila shida, lakini glasi ndogo ya mvinyo yenye mdomo mwembamba inafanya kazi hiyo vizuri. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye harufu na uiache ikauke yenyewe. Kitambaa cha jikoni kina harufu nyingi kuliko unavyodhani.

Mimina mililita 25 au 30, vijiko vitano au sita vya chai. Iangalie, ila usidanganywe na rangi. Sheria inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, na viwanda vingi vinafanya hivyo ili chupa zote zifanane. GlenDronach hawaongezi, kwa hiyo rangi unayoiona ni ya pipa. Ile michirizi inayoteremka polepole ukizungusha glasi haikuambii kuhusu ubora. Inaonyesha alkoholi zaidi ya kitu kingine.

Kisha iache. Dakika kumi na tano, ishirini. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hapa ndipo wiski kongwe hutofautiana na changa. Ukiimimina tu, alkoholi ndiyo inayotangulia kuruka. Ikipungua, harufu nzito zilizokuwa chini yake zinaanza kupanda, moja baada ya nyingine. Wiski ya miaka 3 haibadiliki sana ndani ya nusu saa. Ya miaka 18 inabadilika kiasi kwamba ukinusa mara tatu, kwa kupishana dakika kumi, utaandika mambo matatu tofauti. Ziandike kweli, Mwalimu. Daftari unalo.

Unaponusa, usiizungushe kwa nguvu kama watu wanavyofanya kwenye mvinyo, maana utainua alkoholi yote kwa pamoja. Usitumbukize pua ndani. Shika glasi chini ya kidevu, acha mdomo wazi kidogo, na uisogeze taratibu mpaka uipate harufu, hapo simama. Mdomo ukiwa wazi hewa inazunguka na ule mchomo wa puani unapungua sana. Nusa kwa tundu moja, kisha lingine. Mara nyingi moja huwa limeziba kidogo bila wewe kujua. Pumzika kwa kunusa mkono wako mwenyewe, halafu rudi. Mimi hutumia muda mrefu zaidi puani kuliko mdomoni, na chupa kama hiyo ningeinusa robo saa nzima kabla ya kuigusa.

Funda la kwanza liwe dogo, nusu kijiko cha chai. Lipake ulimi wote na kulimeza, na usilihukumu kabisa: kazi yake ni kukizoesha kinywa. Subiri dakika moja. La pili ndilo la kuonja. Lishike mdomoni kwa sekunde kumi au kumi na tano, lizungushe, acha mate yalipunguze makali. Utasikia utamu mbele ya ulimi, kisha viungo, kisha ukakasi pembeni na kwenye ufizi. Limeze, funga mdomo, na utoe pumzi kwa pua polepole. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke hata kidogo, maana harufu zinazopanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani ndizo zinazobeba ile ladha uliyoikosa siku ya kwanza. Baada ya hapo kaa kimya uhesabu zinadumu kwa muda gani. Wiski ya kawaida inaisha mara moja. Nzuri ya umri huo inaendelea kwa dakika kadhaa, na inapoondoka huacha kitu tofauti na ilichoanza nacho: imeanza na tende, inamaliza na kahawa au kakao chungu.

Sasa ongeza maji. Watu wanaojigamba watakwambia maji ni uoga, usiwasikilize. Wachanganyaji wakuu wa viwanda vya Uskoti, wale wanaoamua pipa lipi liingie kwenye chupa ipi, hunusa wiski ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 20 hivi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichapisha hesabu za kompyuta kuhusu gwayakoli, moja ya kemikali zinazotoa harufu ya moshi kwenye wiski. Waligundua kwamba alkoholi ikiwa juu sana, molekuli zake huizingira gwayakoli na kuiweka ndani ya kimiminika. Ukipunguza kwa maji hadi chini ya asilimia 45, gwayakoli inasogea juu, penye hewa, mahali pua inapoipata. Yako iko kwenye 46, mpakani kabisa. Kwa hiyo matone machache yanabadilisha mengi. Anza na matatu, manne, kwa ncha ya kijiko, nusa tena. Kijiko kizima cha chai kwenye mililita 30 kinakuteremsha hadi asilimia 39 na kitu, na kwa mtu aliyetoka kwenye bia hapo panaweza kuwa pazuri kabisa. Maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa yakapoa, yasiyo na harufu ya klorini. Ukizidisha hurudi nyuma, ndiyo maana tunakwenda kwa matone.

Kuhusu miaka 18 na 12. Namba ya kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani ya chupa. Kunaweza kuwa na kongwe zaidi. Changa zaidi haziruhusiwi. Kiwanda chako ndicho mfano mzuri kuliko wote wa jambo hili. Kilifungwa mwaka 1996, kikafunguliwa tena 2002. Katika miaka hiyo hakikutengeneza hata tone. Sasa fikiria chupa ya miaka 18 iliyojazwa mwaka 2018: ilitakiwa iwe imepikwa mwaka 2000 au kabla, na mwaka 2000 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo kilichomo kilipikwa 1996 au kabla, yaani kina miaka 22 hivi au zaidi, lakini lebo inasema 18. Wapenzi wa wiski walizisaka sana chupa za kipindi hicho. Angalia namba ndogo zilizochapwa kwenye kioo cha chupa yako, mara nyingi mwaka wa kujazwa umo. Na kuna jambo lingine linalonigusa mimi binafsi: GlenDronach kilikuwa kiwanda cha mwisho Uskoti kupika kwa moto wa makaa ya mawe chini ya mitungi, hadi mwaka 2005. Chupa yako ikiwa ilijazwa kabla ya 2023, unakunywa kazi ya moto ule.

Je, 18 inaishinda 12? Ina kina zaidi, na ni ghali zaidi kwa sababu ya hesabu iliyo wazi. Kila mwaka pipa lililolala Uskoti hupoteza karibu asilimia 2 kwa mvuke. Wao wanaiita fungu la malaika. Kwa miaka 18 hilo ni karibu theluthi. Pipa la lita 500 linabaki na lita 350 hivi, nalo limekalia ghala na mtaji muda wote huo. Lakini gharama si ladha. Ya miaka 12 mara nyingi ina uchangamfu wa shayiri na matunda ambao kubwa yake imeshaupoteza, na wiski inaweza kukaa pipani kupita kiasi mpaka inakuwa mbao tupu, chungu na kavu. Nimeonja za miaka 30 na zaidi zilizonihuzunisha kwa sababu hiyo. Umri nao unategemea mahali: kiwanda cha Amrut kule Bangalore, India, hupoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kwa joto, na miaka yao michache inafanya kazi ambayo Uskoti ingehitaji mingi. Kwa maoni yangu, wiski za sheri za Uskoti huwa kwenye kilele kati ya miaka 15 na 21. Binti yako kapiga katikati. Akija tena, mwambie alete ya miaka 12 ya kiwanda hichohicho, muweke glasi mbili kando kwa kando. Jioni moja ya kulinganisha itakufundisha kuliko barua yangu yote.

Neno moja la afya, maana umri wetu una vidonge vyake: ikiwa unatumia dawa za presha au kisukari, muulize daktari wako kwanza. Na kipimo hicho cha mililita 30, mara moja kwa jioni, kinatosha kabisa kwa kazi hii. Usiendeshe gari baada yake.

Mwisho ni harusi ya mjukuu. Wiski haikui ndani ya chupa. Ikishatoka pipani umri wake umesimama. Ya miaka 18 ikikaa kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 18. Isiyofunguliwa ingeweza kumsubiri bila kuharibika. Yako imeshafunguliwa, na hewa iliyoingia itaanza kuila, polepole chupa ikiwa imejaa, haraka ikishafika theluthi ya chini. Mwaka mmoja mpaka miwili utaifurahia. Baada ya hapo inapoa na kuchosha. Isimamishe wima daima, kinyume na mvinyo, kwa sababu alkoholi kali hula kizibo. Iweke kabatini penye giza, mbali na dirisha na mbali na jiko.

Ikiwa harusi ndiyo nia yako, fanya hivi wiki hii kabla haijapungua zaidi. Tafuta chupa ndogo ya kioo ya mililita 100 au 200 yenye kifuniko cha kusokota, safi, iliyochemshwa na kukauka kabisa. Ijaze mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, ifunge kwa nguvu, zungushia utepe kwenye kifuniko, na uandike tarehe na jina la mjukuu kwa nje. Iliyobaki kwenye chupa kubwa, inywe na rafiki zako wote wawili, yule wa soda umkalishe karibu na wewe na umpe glasi yake kavu, na zile dakika ishirini za kusubiri.